Machimbo ya kokoto yanakuja nyuma ya nyumba zetu: tuanzie wapi kuyapinga?

Mwalimu wa Kitongojini (mleta mada)

Ndugu wadau, nawasalimu. Ninaandika kwa niaba ya majirani zangu wa kitongoji kimoja cha Mkoa wa Pwani, ndani kidogo ya barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, ambako kwa miaka mingi tumekuwa tukiyaona malori ya kokoto yakitoka Lugoba kuelekea Dar es Salaam bila kufikiri kwamba iko siku zamu yetu ingefika. Upande wa mashariki wa kitongoji pana kilima cha mawe kisicholimika. Akina mama huokota kuni huko, wafugaji hupitisha mbuzi, na chini yake kuna kisima cha pampu ya mkono ambacho ndicho tegemeo letu wakati wa kiangazi. Baada ya mavuno walikuja vijana wenye kifaa cha GPS, wakapaka rangi nyekundu kwenye miamba na kuandika namba, na walipoulizwa wakajibu kwamba wao wametumwa kupima tu.

Baadaye tuliitwa kwenye ofisi ya kijiji, tukaambiwa kuwa kuna kampuni inayotaka kujitambulisha. Ilipitishwa karatasi ili tuandike majina, namba za simu na sahihi, na kila aliyesaini alipewa soda na shilingi elfu tano ya nauli, ingawa karibu wote tulikuwa tumekwenda kwa miguu. Wiki iliyopita mjumbe mmoja wa serikali ya kijiji alinionyesha nakala ya karatasi ileile, na juu yake sasa pana maneno ambayo siku ile hayakuwapo: «Orodha ya wadau walioshirikishwa na kuridhia mradi».

Nisingependa mjadala huu ugeuke kuwa wa kama taifa linahitaji kokoto au halihitaji. Linazihitaji, na hata darasa ninalofundishia lina sakafu ya zege. Ninachouliza ni hiki: ikiwa leseni imekwisha kutolewa, je, bado tunayo nafasi ya kupinga? Ni nani hasa mwenye kauli ya mwisho, kijiji, halmashauri, Tume ya Madini au NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira)? Na katika hofu nyingi tulizo nazo, zipi zina uzito mbele ya maofisa na zipi zitaonekana kuwa ni kelele tu?

Mshauri wa Mazingira

Ndugu Mwalimu, nianze na jambo ambalo huwachanganya wanavijiji wengi na ambalo baadhi ya kampuni hufurahi libaki hivyo. Leseni ya madini si hati ya ardhi. Madini yote, yakiwamo mawe ya ujenzi, ni mali ya Jamhuri, na leseni humpa mtu haki juu ya hayo madini. Ardhi iliyo juu yake inabaki kwa wanaoimiliki au kuitumia kihalali, na kuingia humo kuna masharti yake. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Madini ya 2010 kinamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba inayokaliwa, na ndani ya mita 50 kutoka kwenye shamba lililolimwa. Makaburi na mahali pa ibada vina ulinzi wa ngazi ya juu zaidi. Someni toleo la sasa la sheria kabla ya kunukuu namba, kwa sababu sheria zetu hurekebishwa na kupangwa upya, na barua yenye namba ya kifungu iliyokosewa humpa mpokeaji sababu rahisi ya kuiweka kando.

Angalieni kwa makini hilo neno «mkaaji halali». Ridhaa inayotakiwa hapo ni ya mwenye nyumba, si ya mwenyekiti wa kijiji wala ya watu themanini waliokunywa soda. Lakini kuna mlango mwingine ambao wapinzani wengi wa miradi hawauoni: sheria hiyohiyo inaruhusu ridhaa hiyo iondolewe kwa agizo la Waziri, kwa masharti, pale inapoonekana kwamba imenyimwa bila sababu ya msingi. Kwa hiyo anayekataa asiseme tu «sitaki». Akatae kwa maandishi na aeleze sababu zake, kwa mfano kwamba kisima kiko umbali kadhaa, kwamba watoto hupita njia ile kwenda shule, au kwamba nyumba yake ni ya tofali za udongo.

Swali lako la leseni linategemea aina yake. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania pekee, kwa eneo dogo na kwa muda wa miaka saba, na taratibu zake za mazingira ni nyepesi; leseni ya uchimbaji wa kati inadai cheti cha mazingira kinachotokana na tathmini kamili. Kuna wawekezaji wanaojikusanyia leseni ndogo kadhaa zinazopakana kwa majina ya watu mbalimbali, kisha wanasimika krasha (mtambo wa kuponda mawe) moja kubwa katikati. Nendeni kwa Afisa Madini Mkazi mkaulize eneo hilo lina leseni ngapi na za nani; Tume ya Madini pia ina ramani ya leseni kwenye mtandao ambayo mwananchi yeyote anaweza kuifungua.

Leseni ikiwa imekwisha kutoka, bado kazi haiwezi kuanza kwa sababu hiyo peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza na hata kabla haujagharimiwa, na wananchi washirikishwe katika tathmini hiyo; ndiyo maana mlipitishiwa karatasi ile. Mhakiki wa NEMC hakuwapo kwenye kikao chenu. Yeye hukijua kikao hicho kupitia viambatisho vilivyo mwishoni mwa taarifa: picha ya watu wamekaa, muhtasari na orodha ya sahihi. Mkinyamaza, atakachokiona ni kijiji kilichoridhia.

Mlipuaji Mstaafu

Mimi nimeshika baruti kwenye machimbo ya mawe kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwa hiyo nitasema mambo ambayo yatawaudhi pande zote mbili.

Hofu ya kwanza ya wanakijiji wowote ni kwamba nyumba zitapasuka. Mlipuko uliopangwa vizuri, wenye mashimo yanayolipuka kwa kupishana sehemu ndogo sana za sekunde, hutoa mtetemo mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mtetemo hupimwa kwa milimita kwa sekunde, na mwili wa binadamu huanza kuuhisi ukiwa kwenye milimita moja hivi au hata chini yake. Utafiti mashuhuri uliochapishwa mwaka 1980 na ofisi ya serikali ya Marekani iliyokuwa ikishughulikia migodi uliweka tahadhari ya nyufa ndogo za plasta kwenye takriban milimita 12.7 kwa sekunde, na kupanda hadi takriban 50 kwa mitetemo inayojirudia haraka zaidi. Maana yake ni kwamba utausikia mlipuko, bati litagongana, kikombe kitalia kabatini, nawe utaamini nyumba imepasuka kumbe kilichotikisa bati ni wimbi la hewa. Mkienda na hoja hiyo mkiwa mita 800, mtaalamu wa kampuni atafungua jedwali lake na kuwanyamazisha.

Lakini hapo ndipo nilipotofautiana siku zote na mabosi wangu. Viwango hivyo vilitokana na nyumba za Kimarekani zenye fremu za mbao, wala havikupimwa kwenye nyumba ya tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo, isiyo na msingi wa zege wala linta juu ya dirisha. Nyumba za namna hiyo ndizo zilizojaa katika vitongoji vyetu. Ulizeni kwenye tathmini: nyumba zilizo karibu zimejengwa kwa nini, na kiwango kilichotumika kilikusudiwa nyumba gani? Mara nyingi hakuna aliyekwenda kuziangalia.

Ninayoyaogopa mimi zaidi ya mtetemo ni mawe yanayoruka. Mlipuko mkuu huwa na mpangilio wake. Hatari kubwa hutokea yanapopasuliwa mawe makubwa yaliyobaki, pale mtu anapoweka baruti kidogo juu ya jiwe moja, anaifunika udongo na kuilipua. Kipande cha ukubwa wa ngumi kinaweza kwenda mbali kuliko mtu yeyote alivyokadiria. Siku hizi kuna nyundo ya mtambo inayofungwa kwenye ekskaveta, na hakuna sababu ya kuendelea na mtindo ule karibu na makazi. Hilo liwe sharti.

La pili ni vumbi la krasha. Mawe ya ukanda huo yana kwazi nyingi (madini magumu ya silika), na vumbi lake jembamba, lile lisiloonekana kwa macho, ndilo linaloharibu mapafu taratibu kwa miaka. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya aina hiyo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1997. Anayeumia kwanza ni mfanyakazi, si jirani, lakini jirani aliye upande upepo unakoelekea hayuko salama vilevile. Krasha yenye vinyunyizio vya maji kila mahali jiwe linapodondokea hutoa vumbi kidogo sana. Ulizeni maji hayo ya kunyunyizia yatatoka wapi, maana jibu la swali hilo huenda likawa ni kile kisima chenu.

Kijana wa Krasha

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi natoka kijiji jirani na ninafanya kazi kwenye machimbo, na naomba nami nisikilizwe kwa sababu mijadala hii husoma kama vile kila anayeishi kijijini anapinga. Ufuta ukikosa mvua, mtu wa umri wangu ana mambo mawili, kukata mkaa au kwenda Dar es Salaam kuendesha bodaboda ya mtu mwingine. Mshahara wa krasha ni mdogo na vumbi ni kweli lipo, lakini ndio unaolipa ada ya wadogo zangu. Mkiuzuia mradi huo kabisa, mawe yatachimbwa kilima kinachofuata na ajira zitakwenda huko. Kwa maoni yangu ni bora kudai masharti kuliko kudai mradi uondoke.

Mwalimu wa Kitongojini

Nawashukuru nyote, na wewe kijana, marahaba. Sikuchukulii kuwa mpinzani. Hata kitongojini kwetu wako wazazi wanaosema maneno hayo, na sijui niwajibu nini ninapokumbuka wanafunzi wangu wengi wako wapi leo.

Baada ya kusoma maelezo ya Mshauri tulichukua kamba ya mita 50 na kupima kutoka alama nyekundu ya kwanza. Nyumba tatu ziko ndani ya mita 200, na iliyo karibu zaidi iko mita 140, ni ya bibi mjane aliyejengewa na wanawe kwa tofali za udongo, na yeye hakuwapo kwenye kikao kile kwa sababu alikuwa mgonjwa. Makaburi ya ukoo mmoja yamo ndani kabisa ya alama. Shule iko mbali, kama mita 600, ila njia ambayo malori yangepita ndiyo wanayoitumia watoto asubuhi.

Kuna jambo la sahihi. Wengi waliosaini hawakujua wanaridhia chochote, na sasa wanaogopa kwamba wakisema hivyo wataambiwa walipokea fedha. Je, sahihi inaweza kutenguliwa? Halafu mtendaji anasema suala la ardhi limekwisha, kwani halmashauri ya kijiji ilikaa na kupitisha.

Mshauri wa Mazingira

Kuhusu kauli ya mtendaji: halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi ya kijiji peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inataka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe kwanza, na mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hata ardhi ikitakiwa kuhamishwa kutoka ya kijiji kuwa ya jumla, yaani isiyo tena chini ya kijiji, ili apewe mwekezaji, eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na mkutano mkuu huo, na lililozidi hapo huamuliwa na Waziri baada ya mkutano kutoa mapendekezo yake. Ombeni kwa barua nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha. Iwapo haupo, maana yake kilichopitishwa na wajumbe ni pendekezo tu.

Kuhusu sahihi, msijaribu kuificha ile ya kwanza. Kila aliyesaini na asiyekubaliana na kichwa kilichoongezwa aandike tamko lake mwenyewe, hata kama ni mistari minne kwa mkono, akisema alihudhuria tarehe fulani, alisaini mahudhurio, alipewa nauli kiasi fulani, hakuulizwa kama anaridhia na hakuelezwa athari za mradi. Kupokea nauli ya kikao hakumfanyi mtu kuwa ameuza haki yake. Matamko hayo yaambatishwe kwenye barua moja kwenda kwa Mkurugenzi Mkuu wa NEMC kupitia ofisi ya kanda, nakala kwa Afisa Madini Mkazi, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Mkuu wa Wilaya na Diwani. Ombeni mambo mawili yanayotekelezeka: kwamba wahakiki wafike eneo la mradi na kuonana na wenye nyumba hizo tatu, na kwamba mkutano wa wazi ufanyike baada ya muhtasari wa tathmini kutolewa kwa Kiswahili. Msiombe «haki itendeke». Ofisa hana fomu ya kulijaza hilo.

Ikiwa kuna kijito chini ya kilima, pimeni pia mita 60 kutoka ukingoni, kwa sababu Sheria ya Mazingira inazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo. Maji ya kunyunyizia krasha yanahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na hapo pana nafasi nyingine ya kupeleka pingamizi ambayo watu huisahau.

Mahakama nimeiacha mwisho kwa makusudi. Shauri dhidi ya chombo cha serikali hutanguliwa na notisi ya siku 90, na katika siku hizo tingatinga linaweza kuwa limemaliza kazi. Pingamizi la wakati wa tathmini ni la bei nafuu na huja mapema.

Msomaji wa Kilifi

Ninaandika kutoka Kenya, ambako sheria ni nyingine, lakini kisa kimoja cha kwetu kinahusiana moja kwa moja na ile karatasi ya mahudhurio. Wakazi wa Lamu walipinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ambao ulikuwa umekwisha kupewa leseni ya mazingira na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal) liliifuta leseni hiyo, na sababu mojawapo kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: vikao vilifanyika kabla tathmini yenyewe haijakamilika, kwa hiyo watu waliulizwa maoni kuhusu athari ambazo hawakuwa wameelezwa. Mwalimu, linganisheni tarehe ya kikao chenu na tarehe ya taarifa ya tathmini. Kama kikao kilitangulia na hakikurudiwa, mmeshapata hoja.

Mlipuaji Mstaafu

Niongeze la ushahidi, maana hili huchelewa kila mahali. Mradi ukipita pamoja na pingamizi lenu, mtu atakuja mwaka ujao kudai fidia ya ufa, na kampuni itamuuliza ufa huo ulikuwapo lini. Pigeni picha kila ukuta wa nyumba zilizo karibu sasa hivi, ndani na nje, pamoja na nyufa zilizopo, mkiweka rula kando ya ufa na gazeti la siku hiyo ndani ya picha. Msione haya kuonyesha nyufa za zamani. Picha isiyo na ufa hata mmoja kwenye nyumba ya udongo haiaminiki. Kisimani, andikeni ndoo ya lita 20 hujaa kwa mikono mingapi ya pampu na kwa dakika ngapi, na mrudie kila mwezi hadi mwisho wa kiangazi. Maji ya maeneo ya mawe hukaa kwenye mipasuko ya miamba, na shimo la machimbo likishuka chini ya usawa wa maji na kuanza kuvutwa kwa pampu, kisima cha jirani hupungua polepole kiasi kwamba kila mtu atalaumu mvua.

Na kijana wa krasha ana haki ya kusikilizwa, ila namuomba asidanganyike kuhusu fedha. Mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayochukua, huenda serikali kuu, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo huenda halmashauri, na kijiji hakipati kitu kwa jina lake isipokuwa kilichoandikwa. Sheria ya Madini baada ya marekebisho ya 2017 inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Kama kijiji hakikuleta orodha yake mapema, kitaletewa madawati na picha ya makabidhiano.

Kijana wa Krasha

Hilo la madawati ni kweli tupu, mzee wangu. Kwetu tuliletewa, na barabara haijamwagiwa maji tangu wageni waondoke.

Mwalimu wa Kitongojini

Tumelinganisha tarehe kama alivyoshauri ndugu wa Kilifi. Kikao kilifanyika mwezi mmoja na nusu kabla ya tarehe iliyo kwenye jalada la taarifa, na hakuna aliyerudi kutusomea chochote. Barua ya kuomba muhtasari wa mkutano mkuu imepokelewa na mtendaji, ambaye mwanzoni alisema haina haja ya muhuri, kisha akagonga baada ya wazee watatu kukaa kwenye benchi lake na kusema wako radhi kusubiri. Bibi mwenye nyumba ya mita 140 ametupa maneno yake na mjukuu wake ameyaandika; sababu aliyoitanguliza ni kisima, ya pili ni kaburi la mumewe, na nyumba ameitaja mwishoni.

Majirani hawajakubaliana kama tudai mradi uondoke kabisa au usogezwe upande wa pili wa kilima, ambako hakuna makazi na ambako mawe, kwa macho ya sisi tusio wataalamu, ni yaleyale. Barua kwa NEMC itaeleza maoni yote mawili, na kila mtu atasaini chini ya lile analoliamini, kwenye karatasi ambayo kichwa chake kimeandikwa kabla ya sahihi ya kwanza.